Merikebu Ukutani: Kutoka Gede hadi Ngomeni

Nyumba za magofu ya Gede, mji wa kale wa pwani ya Kenya, zilipewa majina na waliozifukua, si na waliozijenga. James Kirkman, mwakiolojia Mwingereza aliyechimba pale kati ya 1948 na 1958, alizitambua kwa vitu vilivyookotwa ndani: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Bakuli la Kauri, Nyumba ya Sanduku la Pembe, Nyumba ya Ushanga wa Venisi. Vyote hivyo vilidondoka au vilisahauliwa. Hakuna aliyekusudia tuvikute. Lakini iko moja iliyopata jina kwa kitu kilichofanywa kwa makusudi, nayo ni Nyumba ya Jahazi. Mtu fulani alishika ncha ya kisu, au msumari, akakwaruza umbo la chombo kwenye lipu ya ukuta.

Gede si mji wa ufuoni. Kutoka kwenye nyumba zile hadi baharini ni mwendo wa kilomita kadhaa, na ukikaa chumbani huoni tanga wala husikii wimbi. Kwa hiyo aliyechora hakuwa akinakili kitu kilicho mbele ya macho yake. Alichora chombo alichokuwa nacho kichwani: labda kimempeleka mtu na hakijamrudisha, labda kinasubiriwa na mzigo, labda yeye mwenyewe alikuwa baharia aliyekwama nchi kavu kungoja upepo ugeuke.

Nimeanza na ukuta huo kwa sababu siku hizi kijana wa Malindi au Kilifi akionekana na kopo la rangi ya kupuliza, watu husema ameiga mambo ya New York. Kopo la rangi ndilo lililotoka huko. Tabia ya kuweka historia ukutani ilikuwapo pwani hii kabla mji wa New York haujazaliwa, na ukiifuata kutoka Gede, ukavuka mto Sabaki, ukapita Mambrui hadi Ngomeni, utaona jambo moja likijirudia. Wenye mamlaka wamekuwa wakisimamisha nguzo na mabamba. Waliobaki wamechora ukutani, mara nyingi bila kuomba ruhusa ya mtu.

Ukuta wa Waswahili wa kale unamkaribisha mchoraji. Jiwe lake ni la matumbawe. Chokaa yake nayo ni matumbawe yaliyopangwa juu ya rundo la magogo, yakachomwa, yakazimwa kwa maji, ikaachwa ilale muda mrefu kabla ya kupakwa. Ikikauka inatoa uso mweupe na laini, mgumu wa kutosha kushika mstari kwa karne nyingi, lakini si mgumu kiasi cha kuishinda ncha ya chuma. Mwaka 1964 Peter na Margaret Garlake walichapisha utafiti juu ya michoro ya vyombo katika kuta za pwani ya Afrika Mashariki. Ilikuwapo Kilwa, ilikuwapo Songo Mnara, ilikuwapo Gede, na mingine zaidi kaskazini. Haikuwa kazi ya mtu mmoja mwenye kichaa cha kukwaruza nyumba za wenzake. Ilikuwa desturi.

Na ina faida ambayo wachoraji wenyewe hawakuiwazia. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari na kuvutwa na tanga la mkeka, ulitoweka mwanzoni mwa karne ya 20. Mbao zake zimeoza, mikeka imeliwa na mchwa. Wanaotaka kujua vyombo vya zamani vya bahari hii vilikuwa na umbo gani, mlingoti umesimama wapi na kamba zimefungwa vipi, hurudi kwenye mikwaruzo hiyo. Mtu aliyekuwa akipoteza wakati ukutani ameacha ushahidi ambao matajiri wa mji hawakuuacha.

Wataalamu wamekisia sababu nyingi: dua ya safari njema, mchezo wa watoto, majivuno ya mwenye chombo. Mimi naegemea upande wa wanaosubiri. Maisha ya pwani yaliendeshwa na misimu miwili ya upepo. Kaskazi ilileta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi ikavirudisha, na katikati yake kulikuwa na miezi mirefu ya kutokuwa na la kufanya ila kuhesabu siku. Ukuta ulikuwa karibu.

Wenye mali walipamba kwa namna nyingine. Ukitoka Malindi ukavuka Sabaki kuelekea Ngomeni, unapita Mambrui, mji wenye kaburi la nguzo lililopachikwa bakuli za kauri za China za enzi ya Ming. Bakuli la kulia chakula likawa pambo la kaburi, likitangaza kwa kila mpita njia kwamba aliyelala hapo alikuwa na jamaa ng'ambo ya bahari. Mwaka 2010 kundi la waakiolojia wa Kenya na China lilipata Mambrui sarafu ya shaba ya mfalme Yongle, yule yule ambaye mwaka 1415 alipelekewa twiga na Malindi.

Kuhusu twiga huyo nina neno kwa wachoraji, maana ndiye anayependwa mno. Picha ya Kichina inayozungushwa kila mahali kama twiga wa Malindi, mnyama mrefu ameshikwa kamba na mtu mwenye kilemba, ni ya 1414. Twiga wa picha ile aliletwa China kutoka Bengal. Wanahistoria wengi wanaamini kwamba naye alitoka pwani yetu kabla ya kupelekwa Bengal, na huenda ni kweli. Lakini twiga wa Malindi mwenyewe alifika mwaka uliofuata. Mchoraji anayenakili picha ile ukutani na kuandika chini yake "Twiga wa Malindi 1415" amemvisha twiga mmoja jina la mwingine.

Miaka 83 baadaye wakaja Wareno. Vasco da Gama alitia nanga Malindi Aprili 1498, Sultani akampokea vizuri, akampa rubani wa kumvusha hadi Calicut. Nguzo ya Wareno, yenye msalaba wa jiwe la chokaa kutoka Lisbon na nembo ya mfalme wa Ureno, imesimama hadi leo kwenye rasi ya Malindi na kupigwa picha na kila mgeni. Wenyeji wanaitazama kwa macho mawili. Upande mmoja inaleta watalii. Upande mwingine ni tangazo la mtu aliyekuja na kusema: nimepita hapa, andikeni.

Urafiki wa Malindi na Wareno uliupa mji faida, kisha ukaumaliza. Walipoanza kujenga Ngome ya Yesu, yaani Fort Jesus, Mombasa mwaka 1593, mtawala wa Malindi alihamishiwa huko akawa Sultani wa Mombasa, na Malindi ikaanza kusinyaa. Mjukuu wa ukoo huo, Yusuf bin Hassan, alichukuliwa akiwa mtoto, akalelewa Goa, akabatizwa Dom Jerónimo, akarudishwa kutawala chini ya kapteni Mreno. Tarehe 16 Agosti 1631 alimuua kapteni huyo na kuitwaa ngome. Wareno waliipata tena mwaka uliofuata, lakini si kwa kumshinda. Yusuf aliondoka mwenyewe baharini, akawa haramia.

Ndani ya ngome ile kuna maandishi mawili, na kwangu mimi hapo ndipo historia yote ya picha za ukutani inapokutana. La kwanza liko juu ya lango: bamba la jiwe la kapteni Francisco de Seixas de Cabreira, la 1639. Linatangaza kwamba aliikarabati ngome, akawaadhibu watu wa pwani walioasi, akawatoza kodi wafalme wao. Herufi zimechongwa na fundi, jina lake kamili, umri wake, vyeo vyake. Aliziweka sifa zake kwenye jiwe ili kila anayeingia aanze kwa kuzisoma.

La pili halina jina la mtu. Ni kipande cha ukuta uliopakwa lipu, kimejaa michoro ya mkaa mweusi na udongo mwekundu ya karne ya 17, kazi ya mabaharia na askari wa Kireno. Kuna merikebu nyingi, nyingine zina milingoti na kamba zilizochorwa kwa uangalifu wa mtu aliyezipanda kila siku, nyingine ni mistari michache tu ya haraka. Kuna makanisa. Kuna watu, wengine wamechorwa kwa dhihaka. Kuna samaki. Michoro imepandana bila mpangilio, mkono mmoja juu ya kazi ya mkono mwingine, kama ukuta wowote wa kijiweni leo. Huoni ushindi wowote hapo. Unaona vijana walio mbali na kwao, homa inawauma, mshahara umechelewa, wakichora chombo kitakachowarudisha nyumbani.

Simameni mbele ya ukuta huo kisha mkumbuke ule wa Gede. Hawa walikuwa maadui wa wale, au wa wajukuu wao. Dini tofauti, lugha tofauti, na bado wote wamechora chombo. Mpaka leo ukiniuliza ni kipi kinanifundisha zaidi kuhusu maisha ndani ya ngome ile, bamba la Cabreira au mkaa wa askari, sitafikiri mara mbili.

Ngome iliangukia mikononi mwa Waomani mwaka 1698 baada ya kuzingirwa karibu miaka mitatu. Waingereza waliigeuza gereza kuanzia 1895 hadi 1958. Mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho chini ya Kirkman yule yule wa Gede, na mwaka 2011 UNESCO ikaiweka katika orodha ya urithi wa dunia. Mkaa wa askari umevuka yote hayo.

Kaskazini mwa Sabaki mambo yalikuwa yakifanyika kwa njia isiyohitaji ukuta. Wagiriama hawakuwa wajenzi wa mawe. Kumbukumbu zao waliziweka kwenye mbao: vigango, nguzo za kuchongwa zinazosimamishwa kwa heshima ya wazee wa chama cha Gohu. Mbao hizo zilikuwa na udhaifu ambao ukuta hauna, yaani zinabebeka. Katika miaka ya 1970 na 1980 ziliibwa kwa wingi na kuuzwa Ulaya na Marekani. Viwili vilirudishwa Kenya mwaka 2007, na 30 vikarejeshwa mwaka 2019 na jumba la makumbusho la Denver. Vingi vingali kwenye sebule za watu ambao hawajui vilikuwa ni nani. Kama kuna hoja ya kupendelea ukuta kuliko kitu cha kushikwa mkononi, ni hiyo. Mwizi hawezi kuubeba.

Mekatilili wa Menza ndiye sura ya historia hiyo ya ng'ambo ya Sabaki. Mwaka 1913 aliwahamasisha Wagiriama wasitoe vijana wao kwenda kumfanyia kazi Mwingereza, akitembea vijiji kwa vijiji na ngoma ya kifudu. Kisa kinachosimuliwa ni cha kuku na vifaranga: alimwambia Arthur Champion, ofisa wa serikali, ajaribu kuchukua kifaranga kimoja, na kuku akamrukia. Oktoba mwaka huo alikamatwa, akapelekwa Kisii. Januari 1914 alitoroka na kurudi pwani. Agosti 1914 Waingereza wakailipua Kaya Fungo, mahali patakatifu pa Wagiriama, kwa baruti, na wakawataka Wagiriama waliolima kaskazini mwa Sabaki wahame. Leo ana sanamu Malindi, amepakwa ukutani, na mwaka 2020 hata Google walimweka kwenye ukurasa wao wa mbele. Sina ugomvi na hayo. Ninachowaomba wachoraji ni wasimvue hando akawa mwanamitindo. Alikuwa mwanamke mzima, mjane, mwenye nguo ya Kigiriama kiunoni na sauti iliyojaza uwanja.

Uchoraji wa ukutani ulipoanza kuwa kazi ya wasanii waliosomea, katika nchi hii, ulianzia kanisani. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Elimo Njau, Mchagga kutoka Marangu aliyesoma Makerere, alichora picha tano kubwa katika kanisa la Mtakatifu James huko Murang'a, mji ulioitwa Fort Hall enzi hizo. Kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo, karamu ya mwisho, Gethsemane na kusulubiwa, vyote kwenye vilima na mashamba ya Wakikuyu, watu wakiwa Wakikuyu. Kwa wakati wake ulikuwa ujasiri mkubwa. Lakini kanisa lile lilijengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa katika vita vya Mau Mau kwa kukataa kula kiapo. Waliokula kiapo, wakafa msituni au kwa kitanzi, hawakupata ukuta. Mchoraji anaweza kuwa na mkono wa dhahabu na bado picha yake ikawa ya upande mmoja, kwa sababu mwenye ukuta ndiye aliyechagua wafu.

Mexico walilijua hilo mapema. Katika miaka ya 1920 serikali iliyotokana na mapinduzi iliwapa Diego Rivera, Orozco na Siqueiros kuta za shule na ofisi za umma wachore historia ya nchi kwa watu ambao wengi hawakujua kusoma. Kazi zao ni kubwa mno. Lakini hata hao walilipwa na dola, na waligombana nayo kila siku juu ya nani aonekane shujaa.

Huku kwetu dola haikulipa. Kwa muda mrefu ukuta unaotembea, yaani matatu, ndio uliobeba sanaa, mpaka kanuni za mwaka 2004 zilipotaka magari yapakwe mstari wa manjano na mapambo yaondolewe. Yalirudi baadaye, na kwa vishindo. Mwaka 2012 wasanii waliokuwa pamoja na mwanaharakati Boniface Mwangi walichora katikati ya Nairobi picha za wanasiasa wenye vichwa vya tai wala mizoga, zikiorodhesha maovu tangu uhuru. Watu walisimama barabarani kusoma ukuta kama gazeti. Pwani, mwaka 2018, serikali ya kaunti ya Mombasa iliagiza majengo ya mjini yapakwe nyeupe na samawati. Sikatai kwamba mji ulikuwa umechakaa na umejaa matangazo ya biashara. Ila agizo la namna hiyo halijui tofauti ya tangazo la sabuni na picha ya babu yako. Rola ikipita, imepita.

Sasa tufike Ngomeni yenyewe. Ni rasi yenye mchanga, mikoko, mabwawa ya chumvi na kijiji cha wavuvi, Waswahili, Wabajuni na Wagiriama pamoja, kaskazini mwa Malindi katika eneo la Magarini. Mtu wa Nairobi akiisikia anauliza iko wapi. Na bado sidhani kuna kijiji cha ukubwa wake pwani yote ya Kenya chenye mambo mengi ya kustahili ukuta.

La kwanza liko chini ya maji. Kiasi cha mita 500 kutoka ufuoni, kwenye kina cha mita sita hivi, imelala merikebu ya Kireno ya karne ya 16. Caesar Bita, mwakiolojia wa chini ya bahari wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ameishughulikia tangu 2013. Zimetolewa pembe za ndovu na mikuo ya shaba, na mbao za mwili wa chombo bado ziko. Mwaka 2024 Bita na mwenzake Filipe Castro walichapisha hoja kwamba huenda ni São Jorge, iliyozama 1524 katika safari ya tatu ya Vasco da Gama, safari ambayo da Gama mwenyewe hakurudi. Hawajathibitisha, na wao ndio wa kwanza kusema hivyo. Lakini tazama kilichotokea: Malindi ilipata nguzo ya jiwe yenye nembo, Ngomeni ikapata mbao, shaba na pembe. Nguzo inasema Wareno walifika. Merikebu inasema walikuwa wamebeba nini, na kwamba bahari ya Ngomeni haikumwogopa mtu. Mimi ningechora hiyo kabla ya nguzo.

La pili liko juu ya maji na linaonekana kutoka ufuoni: majukwaa ya chuma ya San Marco, yaliyosimama baharini kwa miguu yao. Waitaliano chini ya profesa Luigi Broglio waliyaweka hapo katika miaka ya 1960 kwa sababu mahali hapa ni nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta. Dunia inapozunguka, sehemu za ikweta ndizo zinazokwenda kasi kuliko zote, na roketi inayorushwa kuelekea mashariki hupewa kasi hiyo bure. Tena mashariki ya Ngomeni ni maji matupu, ikianguka haimwangukii mtu. Kati ya 1967 na 1988 roketi tisa za Scout zilipeleka setilaiti angani kutoka pale, za Italia, za Marekani na moja ya Uingereza.

Mojawapo ni ya kuandikwa kwa herufi kubwa. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, ilirushwa setilaiti ya Marekani yenye uzito wa kilo 140 na ushei. Marjorie Townsend, mwanamke aliyesimamia mradi huo, aliipa jina Uhuru kwa heshima ya nchi ilikorushwa. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka angani. Ikakuta vyanzo 339, ikasaidia kuonyesha kwamba kile kitu cha ajabu kiitwacho Cygnus X-1 huenda ni shimo jeusi, na mwanasayansi wake mkuu, Riccardo Giacconi, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Wanafizikia wa dunia nzima wanalitamka neno la Kiswahili kila wanapofungua vitabu vyao vya nyota. Ngapi kati ya shule zetu zinalifundisha hilo? Na mtoto wa Ngomeni anayecheza mpira mchangani, majukwaa yakiwa mbele yake, ana haki ya kuliona ukutani likiwa limechorwa: roketi nyembamba yenye urefu wa zaidi ya mita 20, moshi wake, mashua za uvuvi chini yake.

La tatu halipendezi. Kuanzia Gongoni hadi Ngomeni na kuendelea Marereni na Kurawa, ardhi imegeuzwa mabwawa ya chumvi. Chumvi nyingi inayoliwa Kenya inatoka hapa. Mwaka 2005 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilikaa Malindi kusikiliza hadharani malalamiko ya wakazi: watu kuondolewa mashambani, mikoko kukatwa, maji ya visima kuharibika, vibarua kufanya kazi kwa malipo duni. Ripoti ikatoka mwaka uliofuata. Ripoti ya kurasa nyingi hubaki ofisini. Ukuta wenye mwanamke aliyesimama kwenye bwawa jeupe, jua la saa saba, jembe mkononi na miguu imepasuka kwa chumvi, huo utasomwa na kila anayekwenda sokoni. Najua pia kwamba ndio ukuta utakaopigiwa simu kwanza ili ufutwe.

Na la nne ni bahari yenyewe, ambayo kwa miaka imekuwa ikila ardhi ya kijiji, nyumba baada ya nyumba. Hilo linamhusu mchoraji moja kwa moja. Ukuta wa kwanza ufukweni ndio unaovutia jicho, lakini huenda usiwepo kwa mjukuu.

Kwa hiyo maneno machache ya kazi kwa atakayechora huko. Achague ukuta ulio ndani ya kijiji, usioelekea bahari. Ukuta wa ufuoni hutoa chumvi kutoka ndani, rangi ya mafuta ikipakwa juu yake inavimba na kubanduka kama ngozi iliyoungua jua. Aukwangue hadi kwenye lipu ngumu, auoshe kwa maji baridi ya kisima kitamu, auache siku kadhaa, aoshe tena. Akiweza, atumie chokaa iliyotiwa rangi ya udongo badala ya rangi ya dukani, kwa kuwa chokaa hupumua na ukuta wa matumbawe huipokea kama ndugu. Mkaa na udongo mwekundu vya askari wa Fort Jesus vimedumu karibu karne nne.

Na kabla ya brashi, aende kwa wavuvi wazee. Wamo waliokuwa vijana wakati wa roketi. Waulizwe moshi ulikuwa wa rangi gani, sauti ilifika lini, siku ile walikuwa wapi na wamevua nini. Waulizwe wanawake wa mabwawa ya chumvi kazi inaanza saa ngapi. Picha ichorwe kwanza kwa mkaa, ndogo, iachwe kwa wiki moja ili kila apitaye aikosoe: tanga limekaa vibaya, ngalawa haina mrengu wa upande huu, mzee fulani hakuvaa hivyo. Kisha ndipo rangi.

Tarehe 12 Desemba shule zimefungwa, kaskazi imeanza kuvuma na kuta zimekauka. Walimu na wazee wa Ngomeni, toeni ukuta mmoja wa shule siku hiyo, mwanze na setilaiti yenu.